Programu imenunuliwa, lakini daftari bado ndilo linaendesha kazi

Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, matangazo mengi ya kazi ya ofisi yanadai mwombaji ajue Excel na Sage. Vijana wanalipa pesa ili wafundishwe. Makampuni nayo yananunua programu za hesabu, za depo na za mishahara. Lakini katika ofisi na maduka mengi, kazi ya kweli ingali inafanyika kwa kalamu. Muuzaji anaandika ndani ya daftari mchana kutwa, na jioni, au mwisho wa juma, mtu mmoja anaketi mbele ya kompyuta na kuingiza yote kwa mara moja.

Hapo ndipo shida inaanzia. Programu inajua tu kile ilichoambiwa. Mifuko kumi ya simenti iliyotoka asubuhi bila kuingizwa, kwa kompyuta ingali depo. Mteja anayefika mchana anaahidiwa mali isiyokuwapo. Siku ya kuhesabu mali ikifika, kompyuta inasema hivi, daftari linasema vile, na depo yenyewe inaonyesha hesabu ya tatu.

Mara nyingi anayelipia tofauti hiyo ni mfanyakazi mdogo. Mtunza depo anakatwa mshahara, au anafukuzwa akiitwa mwizi. Lakini ushahidi uko wapi, ikiwa watu watano wanaingia katika programu kwa jina moja na neno la siri moja? Programu nyingi za kazi zinaweza kuonyesha nani aliandika au kubadili kitu, na saa ngapi. Pale wote wanapotumia jina la mhasibu, mashine inamtaja mhasibu kwa kila jambo. Asiye na kosa hawezi kujitetea, na mwizi wa kweli hapatikani. Ni kweli kwamba baadhi ya programu zinauzwa kufuatana na hesabu ya watumiaji, na wakubwa wa kazi wanaona wanaokoa pesa. Wanaokoa kidogo, kisha wanapoteza zaidi ndani ya depo.

Wakubwa wenyewe hawako nje ya lawama. Mwenye duka anayechukua pesa kwenye kasha na kusema "mtaandika kesho" anawafundisha wafanyakazi wake kwamba kanuni ni ya wadogo peke yao. Baada ya miezi michache, hakuna anayeamini namba zilizo ndani ya kompyuta, hata yule aliyeinunua.

Kuna sababu ambazo hakuna anayeweza kuzidharau. Umeme unakatika, intaneti inapotea. Daftari la dharura linahitajika, lakini kurasa zake ziwe na namba, na kilichoandikwa humo kiingizwe siku ileile umeme unaporudi. Pia nchi hii inauza kwa pesa mbili, dola na faranga. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2025, faranga ilipopanda thamani mbele ya dola kwa muda mfupi, aliyeacha kiwango cha zamani ndani ya programu alikuwa anapata bei zisizo za kweli. Kubadili kiwango hicho ni kazi ya dakika chache, lakini lazima mtu mmoja ajulikane kuwa ndiye anayeifanya kila asubuhi.

Sheria nayo haingoji. Tangu Septemba 2012, Congo ni mwanachama wa OHADA, na kanuni zake za uhasibu zinadai vitabu na hati za hesabu zitunzwe miaka kumi. Idara ya kodi, DGI, inataka fakture sanifu, ile inayotolewa kwa mashine au kwa programu iliyounganishwa na mtambo wake, ili TVA ya asilimia 16 anayolipa mnunuzi ifike katika hazina ya serikali. Fakture ya namna hiyo inatolewa mnunuzi akiwa bado mbele ya muuzaji. Biashara iliyozoea kuandika leo na kuingiza Jumamosi itajikuta kila siku nyuma ya sheria.

Kwa hiyo, kabla ya kununua programu nyingine, mwenye kampuni achague jambo moja, kwa mfano mauzo, na daftari lake lifungwe kabisa. Anayeuza ndiye aingize, saa ileile, kwa jina lake mwenyewe. Afundishwe kwenye kompyuta ya kazi, kwa bidhaa za duka lake, hata ikichukua juma zima. Mkubwa wa kazi naye akichukua pesa, aandike kama wengine. Mauzo yakisimama vizuri, ndipo depo ifuate, kisha mishahara. Siku mali itakapopotea, itajulikana ilipitia mkononi mwa nani, na mtunza depo hatalipia kosa lisilo lake.