MASOMO YA BURE: NANI ANALIPA?

Wandugu wafanyakazi wa mgodi, mama wa soko, wazazi wote wa mitaa,

Kuna maneno yanatembea katika mji. Yanasemwa kwenye baa, yanasemwa mlangoni mwa kanisa, hata wakubwa wanayasema kwa sauti ya chini: «Masomo ya bure yameharibu watoto. Madarasa yamejaa, waalimu wanagoma. Afadhali wazazi warudie kulipa kama zamani.» Maneno haya ni sumu, na sisi tunayajibu leo.

Sheria iko wazi. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, tena ni ya bure katika nyumba za masomo za serikali. Kwa miaka 13 maneno hayo yalilala kitabuni. Mwezi wa 9 wa mwaka 2019 Rais Tshisekedi aliamuru yatimizwe, na watoto waliokuwa wakikaa nyumbani wakaingia darasani kwa mamilioni. Lilikuwa jambo jema, na mtu asitudanganye kwamba lilikuwa kosa.

Basi ni nani aliyeharibu masomo? Tukumbuke vizuri. Wabelgiji waliwaachia wamisioni karibu kazi yote ya kufundisha watoto wetu, na masomo ya laiki kwa Waafrika yalifunguliwa kwa kweli tangu 1954 tu, wakati wa waziri Buisseret. Mtoto alifundishwa kusoma, kuhesabu na kutii. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani waliokuwa na diploma ya chuo kikuu hawakufika 30 katika inchi nzima. Mwaka 1974 Mobutu aliyatwaa masomo ya makanisa, na mwaka 1977 akawarudishia mapadri na wapasta uongozi wake. Miaka ya 1990 serikali ikaacha kumlipa mwalimu mshahara wa kumtosha. Hapo ndipo mzazi alipoitwa aweke makuta «kwa kumtia mwalimu moyo». Ilisemwa kwamba ni kwa muda kidogo. Muda huo ukachukua zaidi ya miaka 25!

Na sisi wa Katanga tunajua ilivyotuuma. Union Minière, na nyuma yake Gécamines, zilijenga masomo kwa watoto wa wafanyakazi. Kazi ilipoanguka, masomo nayo yakaanguka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini. Baba asiye na mshahara alilipa minervali na nini? Mtoto mmoja alisoma, wawili wakakaa, na mara nyingi aliyekaa alikuwa msichana. Wengine walikwenda kuosha mawe na kubeba mifuko kule kwa wachimbaji wa mikono. Hiyo ndiyo «zamani» ambayo watu hawa wanataka turudie.

Ni kweli, madarasa yamejaa. Ni kweli, waalimu waligoma mwaka 2021, mpaka wanafunzi wa Kinshasa wakaingia katika nyumba ya Bunge kudai waalimu wao. Waligoma tena 2024, wakiomba dola 500 kwa mwezi. Lakini mwalimu anayegoma si adui wa mtoto. Yeye pia ana watoto, naye pia ananunua unga kwa bei ileile ya soko. Ukifungua mlango kwa watoto wengi bila kuongeza madarasa, mabenchi na mishahara, kosa ni la nani? La mtoto aliyeingia, ao la mkubwa aliyeshika mfuko?

Mkubwa huyo, watoto wake wako wapi? Wako katika masomo ya kulipia, wengine Ulaya. Shauri la darasa la watoto 100 halimnyimi usingizi.

Wanasema feza hakuna. Sisi tunaofanya kazi ya shaba na kobalti tunaona malori yakipita usiku na mchana kwenda Kasumbalesa. Sheria ya migodi ya 2018 imegawa kodi ya madini hivi: katika kila franga 100, serikali kuu inachukua 50, provinsi 25, mfuko wa vizazi vijavyo 10, na franga 15 ni za sheferi, sekteri ao komini ambako madini yanatoka. Tena kila kompania lazima itoe 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Hayo si maombi. Ni sheria. Je, katika mtaa wako umeona hesabu ya hizo franga 15? Zimejenga madarasa mangapi?

Mimi ni karani. Kazi yangu ni karatasi. Ninaona watu wazima, wenye nguvu, wanatia kidole katika wino chini ya barua wasiyoweza kuisoma. Wanakatwa mshahara bila kujua sababu. Asiyejua kusoma, kila mwenye kalamu ni bwana wake. Ndiyo sababu shauri hili ni letu, hata sisi ambao watoto wetu wamekwisha kukua.

Basi tunadai mambo matatu. Kwanza, serikali ilipe kila mwalimu mshahara wa kumlisha, kila mwezi, pasipo kuuficha mzigo huo tena katika mfuko wa mzazi. Pili, hesabu ya feza za madini ibandikwe mlangoni mwa kila komini na kila sheferi, watu waisome. Tatu, sheria ya masomo ya 2014 ifuatwe: mtoto aanze kufundishwa kwa lugha anayoisema nyumbani, na huku kwetu ni Kiswahili, halafu Kifaransa kijengwe juu yake.

Na sisi wenyewe tusikae mikono mitupu. Katika kila mtaa wazazi wachague watu watano wa kuuliza hesabu. Anayejua kusoma amfundishe jirani yake jioni, kwa Kiswahili, hata chini ya mwembe. Mzazi akiombwa makuta ya siri katika masomo ya msingi ya serikali, aombe karatasi yenye muhuri, na asiende peke yake, aende pamoja na wenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wazazi, msikubali mlango huu ufungwe. Watoto wetu wamekwisha kuingia. Sasa tuwatafutie mabenchi, na mwalimu aliyeshiba.