Kurudi Si Kufeli

Kila nikishuka stendi ya Tukuyu naikuta hukumu ile ile. Mvua inanyesha, kama ilivyo desturi ya Rungwe, vijana wa bodaboda wamejibanza barazani, simu moja inapita mkono kwa mkono na mazungumzo ni mpira. Likitajwa jina la Mtanzania yeyote aliyewahi kucheza nje ya nchi, hakosekani mmoja wa kuifunga kesi: "Huyo si alienda akarudi? Kafeli huyo." Vichwa vinatikiswa, simu inaendelea kuzunguka.

Safari hii kesi ilikuwa ya Eliud Ambokile. Jina la Ambokile halihitaji mkalimani huku kwetu, ni Kinyakyusa kitupu. Alikuwa mshambuliaji wa Mbeya City. Mwaka 2019 akaenda Black Leopards, timu ya Thohoyandou kule kaskazini mwa Afrika Kusini, kisha akasajiliwa na TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo. Baadaye akarudi kuvaa jezi ya Mbeya City. Baraza lilichukua neno la mwisho peke yake, "akarudi", likalifanya kuwa habari nzima ya maisha ya mtu.

Naipinga hukumu hiyo, na sitaipinga kwa upole, kwa sababu nimeona inachowafanyia watoto wa wilaya hii.

Angalia kwanza tunavyowapima wengine. Agosti 2021 Clatous Chama aliondoka Simba kwenda RS Berkane ya Moroko. Januari 2022 alikuwa amesharudi Simba, na mashabiki walimpokea kwa furaha. Sikumsikia hata mmoja barazani akisema Mzambia yule kafeli. Alikwenda kazini, kazi haikumkalia vizuri, akarudi mahali alipothaminiwa. Tulimwelewa mara moja, bila kuhitaji maelezo. Kijana wetu akifanya hayo hayo, uelewa wote unayeyuka.

Halafu turudi nyumbani kabisa. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala wenyewe, walipanda ligi kuu ya nchi na kubeba ubingwa msimu huo huo wa kwanza. Timu ya mji mdogo wa baridi, wa chai na ndizi, iliwapita Simba na Yanga. Kikosi kile hakikudumu. Baadhi ya nyota wake walichukuliwa na timu za Dar es Salaam, na ubingwa haukurudi tena Rungwe mpaka leo. Sasa nenda sokoni Tukuyu useme kwa sauti kwamba Banyambala walifeli. Jaribu uone. Mzee mmoja atasimama akuhesabie kikosi, aanzie golini kwa Mbwana Makatta, afike kwa Godwin Aswile, na asipungukiwe na jina hata moja. Msimu mmoja umetutosha kujivunia karibu miaka arobaini, na tuna haki ya kujivunia. Lakini mtu yule yule anayetembea kifua mbele kwa ajili ya msimu mmoja wa mwaka 1986 atamwita mshambuliaji aliyecheza nchi mbili za ugenini kuwa ni mtu aliyeshindwa. Hapo mizani imekufa.

Ilikufa pale tulipoanza kupima safari ya mchezaji kwa jina la mahali badala ya kazi aliyoifanya akiwa hapo. Kwa mizani ya barazani kuna ngazi moja tu, Ligi Kuu ya Uingereza, na kila kilicho chini yake ni shimo. Hata Mbwana Samatta hakuokoka. Mtu huyu ametwaa Ligi ya Mabingwa Afrika akiwa na TP Mazembe mwaka 2015. Msimu wa 2018/19 amefunga mabao 23 ya ligi na kuwa bingwa wa Ubelgiji akiwa na Genk. Novemba 2019 amefunga Anfield, mbele ya Liverpool waliokuwa mabingwa wa Ulaya. Ukiwauliza vijana wanakumbuka nini, wengi watakwambia: alienda Aston Villa, akafeli.

Pale Villa alicheza mechi 14 za ligi akafunga bao moja. Sitazipamba takwimu hizo, mshambuliaji anakula kwa mabao. Alifunga jingine Wembley, katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, tarehe 1 Machi 2020, na siku chache baadaye korona ikasimamisha mpira wote kwa miezi mitatu. Ni nusu msimu, katika timu iliyokuwa inapigania kutoshuka daraja. Baada ya hapo akaendelea na kazi yake Uturuki, Ubelgiji tena, Ugiriki alikochukua ubingwa na PAOK mwaka 2024, na Ufaransa. Tangu 2011 mguu wake unamlisha ugenini. Nionyesheni barazani pale mtu mmoja ambaye ujuzi wake umetafutwa na waajiri wa nchi sita, nami nitakaa chini ninyamaze.

Nitataja nchi ambayo Tukuyu haitajwi kamwe, Estonia. Ni nchi ya watu kama milioni 1.3 kando ya Bahari ya Baltiki, wachache kuliko wakazi wa mkoa wetu wa Mbeya. Haijawahi kufuzu Kombe la Dunia. Mfungaji wake bora wa muda wote ni Andres Oper, mwenye mabao 38 ya timu ya taifa. Huyu alicheza soka Denmaki, katika timu ya Aalborg, akaenda Urusi, Uholanzi, China, hadi Saiprasi. Hakuna Manchester wala Madrid katika orodha hiyo. Ni fundi aliyehama na mfuko wa zana zake, akapokewa kila alikobisha hodi, na nchi ndogo ikaishi kwa mabao aliyojifunza kuyafunga huko. Mwaka 2024 Kelvin John wetu naye alikwenda Aalborg, timu ile ile. Sitashangaa nikisikia barazani kwamba amepotea, eti Denmaki ni wapi.

Na sisi pia tunaishi kwa mabao ya namna hiyo, ila hatukubali. Katika fainali za AFCON za 2019 na zile za 2023, Taifa Stars ilifunga mabao matatu tu. Moja la Samatta, mawili ya Simon Msuva. Msuva ndiye mtu wa Moroko, Saudi Arabia, Algeria na Iraki, yule ambaye kijiweni husemwa kwamba anazungukazunguka tu. Matatu kwa matatu yametoka kwenye miguu ya watu waliokwenda kuhangaika ugenini. Anayewadharau anadharau kila bao aliloruka akishangilia.

Barazani wananijibu kwamba Afrika Kusini si Ulaya, na Black Leopards si timu ya kumtambia mtu. Basi wamkumbuke Shabani Nonda. Alicheza Yanga katikati ya miaka ya 1990, na aliondoka kwenda timu ya Afrika Kusini iitwayo Vaal Professionals. Baraza la siku hizo lingemuuliza Vaal ni kitu gani. Kutoka Vaal alikwenda Zürich, akaenda Rennes, akaenda Monaco, akawa mfungaji bora wa ligi ya Ufaransa msimu wa 2002/03 na kucheza fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2004. Si kila anayepita Afrika Kusini atafika huko, wengi hawafiki. Ila mlango ule una historia, na anayeucheka hajui nani aliupitia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Rungwe, kuliko wilaya nyingi, ilipaswa kulijua jambo hili. Wazee wetu walikuwa watu wa kwenda ugenini. Walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, Chunya. Walikwenda kwenye shaba ya Rhodesia Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Walikwenda kwa mikataba ya Wenela, shirika lililoandikisha wafanyakazi wa migodini, hadi migodi ya dhahabu ya Johannesburg, mpaka nchi ilipopata uhuru na serikali ikasitisha uandikishaji. Mwanamume alitoka huku kwenye mvua na migomba, akashuka chini ya ardhi ya watu wengine kwa mkataba wa miezi kadhaa, mkataba ukaisha, akarudi. Alirudi na blanketi, na nguo za mkewe, na fedha ya ng'ombe wa mahari au ya mabati. Hakuna mtu wa ukoo aliyemuuliza kwa nini hakubaki Johannesburg. Hakuna aliyemwambia amefeli kwa kuwa mgodi wake haukuwa ule mkubwa kuliko yote. Kurudi kulikuwa sehemu ya kazi, kama kwenda kulivyokuwa. Walimuuliza habari za njia, za chakula, za wasimamizi, za mishahara, na aliyefuata aliondoka akiwa anajua zaidi kuliko aliyetangulia.

Mpira wa kulipwa ni mkataba wa namna ile ile. Una mwanzo na mwisho ulioandikwa. Kocha aliyekutaka anaweza kufukuzwa wiki ya tatu, na mpya akaja na mshambuliaji wake. Goti linaweza kuvimba. Timu inaweza kuishiwa fedha. Mshambuliaji ana ubaya mmoja zaidi, kazi yake inahesabiwa hadharani kila Jumamosi. Beki akipita mechi sita bila kosa anasifiwa kwa kutoonekana. Mshambuliaji akipita mechi sita bila bao, anapangiwa nauli ya kurudi.

Nilisema nimeona hukumu hii inachowafanyia watoto. Kuna kijana wa vijiji vya juu huku, mguu wa kushoto, ana mbio na ana utulivu mbele ya lango. Alipata nafasi ya kwenda kufanya majaribio Malawi. Kutoka Tukuyu unashuka Kyela, unavuka mpaka wa Kasumulu, na chakula cha mchana unakula upande wa pili. Hakwenda. Nilipomuuliza sababu aliangalia viatu vyake kwanza, kisha akasema: "Kwa heshima yako mjomba, lakini nikirudi watasema nimefeli hata Malawi." Ana miaka kumi na tisa. Hakushindwa na Wamalawi, hakuwaona hata sura. Ameshindwa na sisi, pale barazani.

Wanyakyusa tuna neno, ukwangala. Ni kukaa na wenzako mkizungumza, kula na kunywa pamoja, na wazee waliamini kwamba mtu hupata akili humo, si akiwa peke yake. Siku Ambokile, au mwingine yeyote aliyewahi kucheza nje, akipita stendi ya Tukuyu, naomba vijana wamsogezee kiti wakwangale naye. Wamuulize mkataba ulikuwa wa lugha gani na nani alimsomea. Wakala alikata kiasi gani? Kocha wa Kongo alitaka mshambuliaji asimame wapi mpira unapopotea, na yule wa Afrika Kusini je? Alikula nini? Alikaa wiki ngapi benchi, na usiku ule alimpigia nani simu? Na yule kijana wa mguu wa kushoto akae mbele, aulize wa kwanza.