Madai matano yanayompotosha mjenzi mpya wa tovuti

Kijana wa Samburu, Kwale, anayetaka kukitengenezea tovuti kikundi cha wafugaji au shule ya kijijini hakosi washauri. Kasoro ni kwamba washauri hao humwelekeza kwenye programu tu, ilhali tovuti ya kikundi kidogo mara nyingi hufa kwa sababu nyingine: haijulikani mwenyewe ni nani, wala nani aitunze. Nayajibu hapa madai matano yanayosikika sana.

Dai la 1: "Bila kujua lugha za kompyuta, huwezi."

Unaweza. Programu ya WordPress, iliyoanzishwa na Matt Mullenweg na Mike Little mwaka 2003, ilikusudiwa mtu anayetaka kuandika na kuchapisha. Leo takriban tovuti 4 kati ya kila 10 duniani zinaitumia. Anayejua kutuma barua pepe yenye picha ataweza kuchapisha ukurasa. Lugha za kompyuta atajifunza akiendelea.

Dai la 2: "Ni bure kabisa."

Programu yenyewe ndiyo ya bure. Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, na nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti, hulipiwa pia. Majina yanayoishia .ke husimamiwa na KENIC na kuuzwa na mawakala wake: .co.ke kwa biashara, .or.ke kwa mashirika yasiyo ya faida, .sc.ke kwa shule za msingi na sekondari.

Hapa ndipo vikundi huumia. Fundi wa tovuti huliandikisha jina kwa barua pepe yake binafsi. Akihama, au wakikosana kuhusu malipo, kikundi hakina tovuti hata kama kililipa kila shilingi. Jina liandikishwe kwa kikundi, kwa barua pepe ya kikundi, na nywila wawe nayo viongozi wawili. Tarehe ya kulipia upya iandikwe kwenye kitabu cha mweka hazina.

Dai la 3: "Facebook na WhatsApp zinatosha."

Kwa kupashana habari na majirani zinatosha, na zisiachwe. Lakini tarehe 4 Oktoba 2021 zote mbili zilizimika dunia nzima kwa karibu saa 6, na hakuna mfanyabiashara aliyeweza kufanya lolote kuzirudisha. Isitoshe, humo habari ya leo huifunika ya jana. Tazama Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni, Msambweni, unaopata fedha kutokana na kaboni inayohifadhiwa na mikoko, na uliopata Tuzo ya Equator mwaka 2017. Mnunuzi wa kaboni hiyo aliye ng'ambo hutaka kusoma ripoti za miaka iliyopita zikiwa mahali pamoja. Mgeni anayetafuta nyumba Diani naye hutaka bei na maelezo ya njia bila kupekua picha za mwaka mzima.

Dai la 4: "Tafuta muundo maridadi, ongeza plagini nyingi."

Msomaji wako anafungua kwa simu, kwa bando analolihesabu. Picha tatu za megabaiti 4 kila moja zinamlia megabaiti 12 kabla hajasoma neno. Zipunguze kabla ya kuzipakia. Kila plagini, yaani programu ndogo ya kuiongezea tovuti uwezo, nayo ni kazi ya mtu mwingine ndani ya tovuti yako; akiacha kuitunza, udhaifu wake unakuwa wako. Andika kwanza kurasa nne: sisi ni nani, tunafanya nini, bei zetu, tunapatikanaje. Muundo utafuata.

Dai la 5: "Tovuti ndogo haidukuliwi; ikikamilika, umemaliza."

Wadukuzi hawachagui kwa ukubwa. Programu zao hupita tovuti moja baada ya nyingine zikitafuta matoleo yaliyopitwa na wakati. Basi sasisha mara kwa mara, tumia nywila ndefu, na weka nakala ya akiba nje ya seva. Na kama fomu yako inakusanya majina na namba za simu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakuhusu.

Kabla ya kumlipa fundi, kikundi kimuulize maswali matatu. Jina litaandikishwa kwa nani? Nakala ya akiba itawekwa wapi? Usipokuwepo, nani kati yetu atajua kusasisha? Asiyeweza kuyajibu asipewe kazi, hata kama mifano anayoonyesha inapendeza.