MIG isiyotumia gesi: Nafuu ipo, lakini fundi apige hesabu kwanza

MKULIMA ambaye tela lake limekatika shambani katikati ya msimu hana muda wa kusubiri mtungi wa gesi kutoka mjini. Ndiyo maana mashine ndogo za kuchomelea za MIG zisizotumia gesi zinawavutia mafundi wadogo na wakulima wanaojifanyia matengenezo wenyewe.

Katika MIG ya kawaida, gesi ya mtungi huzuia hewa isiharibu chuma kilichoyeyuka. Katika aina hii, waya wenyewe una uwazi ndani uliojazwa dawa. Dawa ikiungua hutoa moshi unaokinga kiungo, kisha huacha gamba juu yake. Kinga hiyo haipeperushwi na upepo kirahisi kama gesi ya mtungi, hivyo kazi hufanyika hata uwanjani.

Gharama ya mtungi na kuujaza huondoka. Hata hivyo, kilo ya waya wenye dawa ni ghali kuliko ya waya wa kawaida, cheche ni nyingi, na gamba lazima ligongwe na kupigwa brashi. Kwa anayerekebisha jembe la trekta au geti la zizi mara chache, nafuu ipo. Kwa karakana inayotengeneza madirisha kila siku chini ya paa, bei ya waya na muda wa kusafisha vinaweza kumeza faida.

Mnunuzi ahakikishe kuwa mashine inaruhusu kubadilisha nyaya. Kwa kawaida waya wenye dawa huhitaji tochi iwe upande wa hasi na kibanio cha kushika chuma upande wa chanya, kinyume cha MIG ya gesi. Nyaya zikiachwa kama za gesi, cheche huzidi na kiungo huwa dhaifu. Wakati wa kuchomelea, tochi ivutwe, isisukumwe, na waya uhifadhiwe pakavu.

Moshi nao si wa kupuuzwa. Mwaka 2017 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Waya huu hutoa moshi mwingi, hivyo fundi afanyie kazi penye hewa ya kutosha na kukwangua zinki kwenye mabomba kabla ya kuyachomelea. Akiba ya mtungi haina maana ikiishia hospitalini.