Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi

Walimu wa Historia na Serikali, kutoka Molo hadi Naivasha, wamewafundisha wanafunzi wao kwa miaka mingi kwamba nguzo za sera ya Kenya kuhusu mambo ya nje ni ujirani mwema, utatuzi wa migogoro kwa njia ya amani, na heshima kwa Umoja wa Mataifa. Hayo ni mafundisho mema. Hata hivyo, mwanafunzi mwerevu ana haki ya kuuliza: je, taifa likishamaliza kuhutubia, huwa tayari kujitwika mzigo wa maneno yake?

Swali hili latuhusu sana sisi wakazi wa Bonde la Ufa. Maafisa wa jeshi letu hufunzwa Lanet, pembezoni mwa jiji la Nakuru, na kambi za Lanet na Gilgil ni sehemu ya maisha yetu. Ahadi inapotolewa New York au Addis Ababa, watakaoitimiza ni vijana tunaopishana nao barabarani.

Kwa upande wa maneno, hatuna upungufu. Juni 2020 Kenya iliishinda Djibouti na kupata kiti katika Baraza la Usalama kwa miaka ya 2021 na 2022. Februari 2022 Balozi Martin Kimani alisimama katika Baraza hilo kuizungumzia Ukraine, akaeleza jinsi mataifa ya Afrika yalivyoikubali mipaka iliyoachwa na wakoloni badala ya kumwaga damu kwa kuigombania. Dunia nzima ilitega sikio.

Wala si haki kudai kwamba tumekuwa watu wa maneno matupu. Wanajeshi wetu walikwenda Namibia mwaka 1989, nchi hiyo ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru. Walikwenda pia katika iliyokuwa Yugoslavia katika miaka ya tisini. Jenerali Daniel Opande aliongoza vikosi vya Umoja wa Mataifa nchini Sierra Leone, na baadaye Liberia. Sifa hiyo tuliivuna kwa jasho.

Lakini sifa huharibika. Julai 2016 mapigano yalizuka Juba, na walinda amani wakalaumiwa kwa kutowakinga raia. Novemba mwaka huo Katibu Mkuu Ban Ki-moon alimwachisha kazi kamanda wa kikosi hicho, Luteni Jenerali Johnson Mogoa Kimani Ondieki. Serikali ya Kenya ilighadhibika. Ilidai, na si bila ya sababu, kwamba kasoro zilikuwa za mfumo mzima na kwamba afisa huyo alikuwa na majuma machache tu kazini. Kisha ikatangaza kuwaondoa wanajeshi wake wapatao 1,000 na kujitoa katika juhudi za kuleta amani Sudan Kusini.

Hapo ndipo tulipokosea. Malalamiko yalikuwa dhidi ya makao makuu New York, lakini adhabu ikawashukia akina mama na watoto waliojificha nyuma ya seng'enge za Umoja wa Mataifa. Ujirani mwema tunaoufundisha darasani uligeuka kuwa bidhaa ya kubadilishana na cheo. Ni heri kwamba mwaka 2017, chini ya Katibu Mkuu mpya, António Guterres, Kenya ilikubali kurejea.

Tabia ya kuahidi na kurudi nyuma si ya Kenya peke yake. Mwaka 1981, Rais Daniel arap Moi akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, umoja huo uliazimia kupeleka jeshi la amani Chad. Nchi sita ziliahidi askari. Ni tatu tu zilizowapeleka: Nigeria, Senegal na Zaire. Fedha nazo hazikutosha. Juni 1982 Hissène Habré aliuteka mji wa N'Djamena, na jeshi hilo likafunga virago.

Mataifa makubwa nayo hayana la kujivunia. Wanachama wa kudumu wa Baraza la Usalama ndio wenye kura ya turufu, lakini wanaotoa askari wengi zaidi ni Nepal, Bangladesh, India na Rwanda. Oktoba 2023 Baraza hilo liliidhinisha kikosi cha kukabiliana na magenge nchini Haiti, Kenya ikiwa kiongozi. Lakini gharama ziliachiwa michango ya hiari. Polisi wetu wa kwanza walitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024. Hadi Septemba 2025, Baraza lilipoamua kuunda kikosi kipya cha watu 5,550, kile cha awali kilikuwa hakijafikia hata nusu ya watu 2,500 waliokusudiwa. Waliopiga makofi walikuwa wengi kuliko waliotia mkono mfukoni.

Wapo watakaosema: kwa nini vijana wetu wafie ugenini ilhali Baringo wezi wa mifugo wanaua raia, hata jeshi likalazimika kupelekwa huko Februari 2023? Hoja hii ina uzito. Lakini mahali pake ni kabla ya ahadi kutolewa, si baada yake. Kifungu cha 240 cha Katiba chataka Bunge liidhinishe majeshi kwenda nje kwa shughuli za amani. Katika suala la Haiti, ilibidi Mahakama Kuu iizuie serikali Januari 2024, ndipo mkataba na nchi hiyo ukatafutwa.

Aidha, mzigo huu haugawanywi sawa hata humu nchini. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya wanajeshi wetu ilishambuliwa El Adde, Somalia. Marais walikusanyika Eldoret kuwaomboleza, lakini serikali haikuwapa wananchi hesabu kamili ya waliouawa. Taifa lisilothubutu kuwahesabu wafu wake halijaubeba mzigo, limewaachia wajane.

Nasi wa Nakuru tusisahau kwamba tuliwahi kuwa wahitaji. Mwanzoni mwa mwaka 2008, uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulipojaa wakimbizi wa ndani, Kofi Annan, Benjamin Mkapa na Graça Machel walikaa Nairobi majuma kadhaa hadi mkataba wa tarehe 28 Februari ukatiwa saini. Wangeliondoka kwa hasira ya siku moja, nani angelituzika?

Kwa hivyo twaitaka serikali isiahidi isichoweza kutimiza, iwaeleze wabunge gharama kabla ya safari na idadi ya waliokufa baada yake, na isiyafanye maisha ya majirani kuwa rehani ya vyeo. Walimu nao wasiishie kwenye orodha ya nguzo za sera. Wawape wanafunzi kisa cha Juba na kile cha Haiti, wavipime wenyewe. Miongoni mwa wanafunzi hao wamo watakaovaa sare, na wamo watakaotia saini ya kuwatuma.