Tusomewe Mkataba Kabla ya Tingatinga Kufika

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini siku hizi, mpenzi msomaji, hata ukiujenga ukuta wako vizuri, unaweza kuamka asubuhi ukaukuta umepakwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na hakuna aliyekubishia hodi.

Ndivyo ilivyomfika nyanya yangu likizo ya Aprili. Nyanya huuza viazi, karoti na kabichi kando ya barabara kuu inayopita kwetu. Kibanda chake ni cha mbao na mabati, lakini karo yangu ya shule imetoka humo tangu nilipokuwa Kidato cha Kwanza. Asubuhi hiyo alinituma niitwe nikiwa bado nakunywa chai. Nilipofika alininyoshea kidole ile alama, akaniuliza, "Mjukuu wangu, wewe ndiwe unayesoma. Hii inasema nini?"

Nikamwambia kwamba shuleni mwalimu akitia X ina maana umekosa.

"Haya," akasema, "sasa niambie nimekosa nini."

Sikuwa na jibu. Baadaye wazee walipokwenda kuuliza katika ofisi moja, waliambiwa eti tangazo lilichapishwa gazetini miezi mingi iliyopita na muda wa kutoa maoni ulikuwa umekwisha. Tangazo lenyewe tulikuja kulipata limefungiwa nyama huko buchani. Lilikuwa kwa Kiingereza kitupu, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Nyanya hasomi Kiingereza. Majirani zake wengi pia hawakisomi. Je, hapo ni nani aliyekosa?

Ndugu zangu wanachama, leo nataka kuwatetea wakazi wanaojipanga kupinga upanuzi wa barabara kuu na mpango wa kutoza ada kwa wanaozitumia. Watu hawa hutukanwa sana. Huitwa maadui wa maendeleo, eti wamelipwa, eti hawajui kitu. La hasha! Wengi wao hawaichukii barabara hata kidogo. Wanachokataa ni kufanyiwa uamuzi gizani, kwa lugha wasiyoielewa, kisha waambiwe wamechelewa.

Tuseme ukweli kwanza ili tusionekane tunapinga kwa kupenda kupinga. Barabara zetu zinaua. Barabara ya kutoka Nairobi kwenda Nakuru hadi Mau Summit ni nyembamba kwa magari yanayoitumia. Januari 2009, watu zaidi ya 100 walikufa Sachangwan lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka moto. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa karibu na Salgaa, watu 36 wakaangamia. Kila Krismasi abiria hulala njiani kwa msongamano. Mtu akisema barabara hiyo isipanuliwe kabisa, mimi nitakuwa wa kwanza kubishana naye.

Upanuzi wa barabara hiyo, takriban kilomita 170 kutoka Rironi hadi Mau Summit, ulizinduliwa rasmi Novemba 2025. Kabla ya hapo kulikuwa na mkataba mwingine na kampuni za Ufaransa, uliotiwa sahihi mwaka wa 2020 na kuvunjwa 2025. Mpango wa sasa ni kwamba wanaoijenga warudishe pesa zao kwa kutoza ada. Kiwango kilichotajwa hadharani ni shilingi 8 kwa kila kilomita kwa gari dogo. Hebu tupige hesabu pamoja. Kilomita 170 mara shilingi 8 ni shilingi 1,360. Hiyo ni kwenda tu, kurudi bado! Na kumbuka kwamba kila lita ya mafuta tayari ina shilingi 25 za kutunza barabara tangu Julai 2024. Mwenye matatu akilipa, atalipia kwa mfuko wa nani? Nauli itapanda. Mwenye lori la viazi akilipa, ataongeza bei mjini au atampunja mkulima shambani. Kwa hivyo hata nyanya asiye na baiskeli atailipia barabara.

Kuna maswali mengine ambayo mhandisi aliyeketi ofisini huenda asiyafikirie. Asiye na uwezo wa kulipa atapitia wapi? Je, mkulima anayepeleka magunia yake soko la pili, mwendo wa kilomita tano tu, naye atozwe? Mtoto akitumwa chumvi ng'ambo atavukia wapi? Ng'ombe je? Tusidhani haya ni mambo madogo. Barabara ya Thika ilipofunguliwa rasmi Novemba 2012 tuliisifu sana, na ilistahili sifa. Lakini vivuko vya miguu vilikuwa haba, na watu wengi waligongwa wakivuka leni zile nyingi kwa mbio. Vingine vilijengwa baadaye. Ama kweli, majuto ni mjukuu.

Kuna hadithi ya mti ambayo hunifikirisha. Barabara ya juu ya Nairobi, ile ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilipokuwa ikijengwa, kulikuwa na mugumo mkubwa sana kando ya Waiyaki Way uliopangiwa kung'olewa. Watetezi wa mazingira wakapiga kelele, wakasimama chini yake na mabango. Novemba 2020 ikatoka amri ya Rais kwamba mti huo usiguswe. Nilifurahi nilipoisoma habari hiyo. Lakini miti mingine mingi kando ya barabara hiyo ilikatwa. Na mwaka uliofuata, Oktoba na Novemba 2021, maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba ili kufungua njia ya barabara. Wengine walilala kwenye vifusi vya nyumba zao mvua ikinyesha. Simwonei mti wivu jamani. Nasema tu kwamba kelele ya mapema iliokoa mti, na watu nao walistahili kusikizwa mapema vilevile.

Historia yetu inatufundisha hivyo hivyo. Mwaka wa 1989, mipango ilikuwa imekamilika ya kujenga jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai alifanya nini? Hakurusha jiwe. Aliandika barua! Aliandika kwa wakubwa serikalini na kwa wafadhili wa ng'ambo, barua moja baada ya nyingine, akiuliza kwa nini wananchi wanyang'anywe mahali pa kupumzikia. Alitukanwa hadi Bungeni. Mwishowe wafadhili walirudi nyuma na jumba halikujengwa. Leo bustani ipo, na mama huyo alipata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka wa 2004. Kalamu yake ilianza kazi kabla orofa ya kwanza haijasimama. Hapo ndipo penye siri.

Wala si kwetu tu. Huko Marekani, katika jimbo la Maryland, gavana alitangaza Septemba 2017 mpango mkubwa wa kuongeza leni za kulipia katika barabara zinazozunguka jiji la Washington. Wakazi waliokuwa na nyumba kando ya njia hiyo walijipanga mtaa kwa mtaa. Ripoti ya athari kwa mazingira ilipotoka ilikuwa na maelfu ya kurasa. Waliisoma, wakaijibu kwa maandishi. Karibu na njia hiyo palikuwa na makaburi ya kale ya Wamarekani weusi, na wajukuu wa waliozikwa hapo wakasema wazee wao hawatasumbuliwa tena. Mchoro ukabadilishwa ili makaburi yaepukwe. Machi 2023, kampuni iliyotarajiwa kujenga leni hizo ikajiondoa. Sisemi nasi tufukuze kila kampuni. Ninalosema ni kwamba wale watu waliweza kuihoji ripoti kwa sababu waliweza kuisoma.

Sasa turudi nyumbani. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ndicho lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa wananchi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 40 kinataka anayenyang'anywa ardhi kwa ajili ya umma alipwe fidia ya haki, tena upesi, na hata asiye na hati anaweza kufikiriwa ikiwa anakaa hapo kwa nia njema. Mambo mazuri haya! Lakini haki iliyoandikwa kwa lugha usiyoielewa ni kama chakula kilichowekwa juu ya dari. Harufu unaisikia, tumbo linabaki tupu.

Kwa hivyo pendekezo langu ni moja. Kila mradi wa barabara, hasa ile ya kulipia, uandikiwe muhtasari wa Kiswahili chepesi, wa kurasa chache tu, useme njia itapita wapi, nani atahamishwa, fidia italipwaje, ada ni kiasi gani, itatozwa kwa miaka mingapi, na vivuko vitakuwa wapi. Usomwe katika baraza la chifu, kanisani, msikitini na kwenye redio. Usomwe kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Mkataba ukishatiwa sahihi, kuubadilisha huwa kazi na gharama, na gharama yenyewe hurudi kwetu.

Wapo watakaosema hili litachelewesha maendeleo. Nawauliza, kesi mahakamani hazicheleweshi? Maandamano hayacheleweshi? Afadhali kuchelewa mwezi mmoja mkizungumza kuliko miaka mitatu mkivutana.

Na sisi wa Chama cha Kiswahili tusikae kitako tukingoja serikali. Nitawaambia tulichofanya kwetu likizo hiyo. Mimi na wenzangu watatu tulilichukua lile tangazo la buchani tukalitafsiri sentensi kwa sentensi, kamusi mkononi. Maneno mengine yalitutoa jasho, lakini tulimaliza. Jumapili baada ya ibada tukalisomea watu chini ya mti. Kimya kilichokuwapo sijapata kukiona hata wakati wa mahubiri. Kisha maswali yakaanza, na kikao hakikuisha hadi saa kumi na mbili jioni. Wakachagua kamati ya watu saba, wanawake wanne. Sisi vijana tukapewa kazi ya kuhesabu watu wanaovuka barabara asubuhi na jioni kwa siku tatu. Hesabu hiyo ilijaza kurasa mbili za daftari. Barua ikaandikwa kwa Kiswahili, ikaambatishwa hesabu, na watu wakatia sahihi. Nyanya alitia kidole gumba.

Jibu lilikuja baada ya majuma mengi. Lilisema barua imepokelewa na hoja ya kivuko itachunguzwa. Basi, hayo tu. Kibanda bado kina X yake, na sijui kama mwaka ujao kitakuwapo. Sitawadanganya kwamba tumeshinda. Lakini nyanya sasa anajua kwamba hajakosa lolote. Anajua jina la kamishna wa kumwendea, anajua neno fidia, na kila Jumatatu anauliza kamati imefikia wapi. Chifu mwenyewe siku hizi akiwa na tangazo hutuita tumsaidie kulisoma.

Wenzangu, mara nyingi tunaulizwa Kiswahili kitatusaidia nini maishani zaidi ya kupata alama ya A kwenye mtihani. Mimi nimepata jibu langu chini ya mti ule. Likizo ijayo, ukipita penye tangazo la mradi limebandikwa ukutani kwa Kiingereza, usilipite tu. Litoe daftarini, lifasiri, uwasomee wazazi wako. Tingatinga halijui kusoma, lakini sisi tunajua.

Mwanachama, Kidato cha Tatu