INJINI MPYA, PUA MBOVU

Wadau, kuna usanii unaoendelea kwenye gereji zetu, na leo lazima niuseme hata kama washikaji zangu mafundi wa hapa Mtwara watanuna.

Katiza barabara ya kwenda bandarini msimu wa korosho. Utaziona Land Rover 109 za enzi za Mwalimu, bodi la miaka ya 1970, lakini fungua boneti: injini si yake. Hii imefungwa Toyota, ile Nissan, nyingine 300Tdi iliyotolewa kwenye Defender au Discovery ya miaka ya 1990. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Bodi bado lipo, fremu bado ngumu, spea za injini ya zamani ni shida. Badilisha injini, gari lirudi kazini.

Ugomvi wangu ni na kile kinachofanyika baada ya injini kukaa. Inapewa tangi, inapewa betri, inapewa rejeta. Pua inasahaulika.

Mjomba wangu ni mfano. Yake ilitoka kiwandani na dizeli ya lita 2.25, nguvu ya farasi 62 tu. Akauza korosho, akajibana, akafunga 300Tdi, ambayo kwenye Defender ilikuwa inatoa farasi 111. Gereji (nisiitaje) ikamwambia eya klina ya zamani "inabana pumzi". Wakaitupa. Wakamfungia filta nyekundu ya koni juu ya mpira mfupi, imekaa uchi chini ya boneti, shubiri moja kutoka kwenye bomba la eksozi. Wakamwambia hiyo ndiyo "hewa baridi", mtindo wa kisasa. Ukikanyaga mafuta ikawa inapiga mluzi, watoto wa mtaani wanashangilia. Mjomba akalipa hela yote, na ya soda akatoa.

Msimu mmoja tu! Safari za Tandahimba na Nanyamba, kupandisha salfa ya mikorosho, kushusha magunia. Ikaanza kutoa moshi mweusi mlimani, halafu ikaanza kula oili, halafu turbo ikafa. Katikati ya msimu, wakati gari linatakiwa lilipe deni lake. Fundi akasema: "Mjomba, injini ya mtumba hiyo, bahati mbaya."

Bahati mbaya? Nilichomoa mpira ulio kati ya filta na turbo, nikapitisha kidole ndani. Kilitoka na vumbi jekundu la Tandahimba. Klipu ilikuwa imelegea na filta haikukaa sawa. Mpira huo ulitakiwa uwe msafi kama sahani iliyooshwa.

Sasa tufanye hesabu, maana ubishi wa gereji hauna mwisho. Injini ya lita 2.5 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inavuta lita 3,750 za hewa kila dakika, bila kuhesabu kinachoongezwa na turbo. Hayo ni karibu mapipa 19 ya lita 200. Kila dakika! Nyuma ya lori la mchanga, kwenye njia ya vumbi, hebu niambie unakunywa mapipa 19 ya nini. Vumbi la mchanga ni msasa. Linakula mapanga ya turbo, linakula ringi, linachuna silinda, likishuka kwenye oili linamalizia beringi.

Kuna msomi mmoja mwenzangu alinicheka: "Hewa baridi Mtwara? Hapa kwenyewe joto, hayo mambo ya Wazungu." Kaka, baridi inayosemwa hapa si ya Makete. Ni tofauti kati ya nje na ndani ya boneti. Nje kukiwa nyuzi 30 na ndani ya boneti 60, hewa ya ndani ni nyepesi kwa takriban asilimia 9. Ikifika 70, ni asilimia 12 hivi. Maana yake kwenye kila mvuto unapokea hewa pungufu, wakati pampu ya dizeli inamwaga mafuta yaleyale. Mafuta yaliyokosa hewa ndiyo ule moshi mweusi mlimani, na joto la eksozi linapanda. Silinda hedi ya 300Tdi ni ya aluminiamu. Ikipata joto la kupindukia inapinda, na hapo unatafuta hela ya hedi, si ya filta.

Kwa hiyo koni ile iliyoitwa "hewa baridi" ilikuwa inavuta hewa ya moto kuliko zote ndani ya gari. Huo ni usanii, wajameni. Jina ni moja, kazi ni kinyume chake.

Nakubali fundi ana hoja moja. Eya klina ya zamani, ile ya oili chini, ilipimiwa pumzi ya farasi 62. Kuibandika kwenye injini yenye turbo ni kosa pia. Lakini jibu la eya klina ndogo ni eya klina kubwa. Tangu lini jibu la viatu kubana likawa kutembea peku kwenye miiba?

Kazi yenyewe si ya ajabu. Chukua boksi la eya klina la gari lenye injini hiyohiyo au kubwa zaidi, lenye filta ya karatasi na mfuniko unaobana kweli. Liweke pembeni, mbali na eksozi. Toboa madgadi, toa bomba nje, lipandishe pembeni ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa. Juu huko vumbi ni pungufu, na kwenye madimbwi ya Mahurunga wakati wa masika injini haitakunywa maji. Usiliteremshe bomba kwenye bampa kama magari ya mashindano ya kwenye video. Bomba lisiwe jembamba kuliko mdomo wa turbo. Kati ya boksi na injini weka mpira mgumu usionyonyeka, maana injini inacheza kwenye mounting zake na bomba la chuma tupu litapasuka. Chini ya boksi acha tundu dogo la kutolea maji. Klipu za skrubu kila maungio, si waya, si mpira wa baiskeli! Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni injini nzima.

Fundi wa kuchomelea wa mtaani anaiweza kazi hiyo. Basi kwa nini haifanyiki?

Kwa sababu sisi wateja hatuilipii. Hapa ndipo nataka tusemane ukweli. Tunajibana miezi tupate hela ya injini, halafu tunamwambia fundi "malizia hivyohivyo". Bomba halipigi mluzi wala halipigwi picha. Koni nyekundu inapendeza. Na nani waliomletea fundi picha ya koni kwenye simu? Ni sisi tuliosoma, tunaojua kusaka intaneti lakini hatuulizi gari la kwenye picha linakimbia wapi. Linakimbia kwenye lami. Hapa lami ikiisha linakusubiri vumbi, na ukishuka kwenda Msimbati linakusubiri mchanga wa bahari na chumvi yake.

Na sisi watu wa Mtwara tulipaswa kuwa wa kwanza kujua. Bandari yetu ya kina kirefu ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Kule Kongwa walileta mpaka matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani. Mashine za nguvu, bodi hili na kazi ile. Ardhi ilizishinda. Mpango ukafa mwaka 1951, na reli ya Mtwara hadi Nachingwea ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waliletewa nguvu, hawakuiuliza ardhi. Miaka zaidi ya 70 baadaye tunarudia kosa lilelile, safari hii ndani ya boneti.

Pendekezo langu ni moja. Usilipe hela ya mwisho siku injini inapowaka. Chukua gari, nenda Nanguruwe urudi, halafu mbele ya fundi fungua mpira wa turbo na upitishe kitambaa cheupe ndani. Kikitoka cheupe, lipa na umshukuru, huyo ni fundi. Kikitoka chekundu, kazi haijaisha.

Mjomba sasa ameshusha injini. Safari hii anasema bomba kwanza, rangi baadaye.

Naomba kutoa hoja.